Samli Yenye Makuti

Visa vya Chausiku mpishi, sehemu ya saba

Tulimwacha Hamisa muuza sambusa kapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, koroboi mkononi, na ua mzima wa Mzee Mwinshehe, penye harusi leo, umemgeukia. Chausiku mpishi alibaki na mwiko hewani. Mchuzi ulikuwa unamdondokea mguuni, wa moto, wala hausikii.

"Tazameni wenyewe!" Hamisa alipaza sauti. "Nimeingia nayo stoo kutafuta sinia, mkono wake ukang'oka. Nikapangusa masizi. Na huyu hapa, ananichungulia. Nguruwe!"

Waliokuwa mbali wakasogea mbele. Waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Wakakanyagana.

Kweli, jamani. Kwenye bati, pale mkono wa koroboi ulipokuwa umelehemiwa, palikuwa na picha. Pua bapa. Matundu mawili. Sikio moja limeangukia jicho, na lile jicho dogo limejaa furaha, kama la mtu anayejua siri yako.

"Koroboi hii katengeneza nani?" Hamisa aliuliza, na hakusubiri kujibiwa. "Fundi Marijani. Marijani makopo yake anayapata wapi? Kwa Zahor dukani, Buguruni nzima inajua. Kopo la Zahor lilikuwa na nini? Mafuta ya Ulaya! Na mafuta ya Zahor leo yamo wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye masufuria manne ya pilau, yaliyofunikwa kwa sinia na kuwekewa makaa juu.

Mama mmoja akatema mate. Mwingine, aliyekuwa ameonja ukoko kwa wizi, akakimbilia nyuma ya choo.

"Muongo!" Chausiku alipata sauti. "Mie napikia samli ya ng'ombe! Samli ya Singida, inakuja kwa treni. Nani hajui?"

"Singida ya mlango wa nyuma wa Zahor?" Hamisa alicheka. "Jana alasiri nimekuona kwa macho yangu haya mawili. Bakuli chini ya kanga, unatembea upande upande kama kaa."

Chausiku akaushusha mwiko. 

Kama jirani yako alifungia samaki gazeti kabla hujalisoma, tukukumbushe. Chausiku ndiye mpishi wa shughuli, mwanamke mwenye mwili wake na sauti yake. Tangu mwaka wa kutawazwa Malkia hakuna harusi iliyoliwa kutoka Buguruni hadi Temeke bila mwiko wake, mwiko wa mti wa mkwaju aliourithi kwa marehemu mama yake. Watu humwita kwa sababu ya samli. "Pilau la Chausiku," husema, "unalisikia ng'ombe wa Singida analia ndani yake." Siri yake tunaijua sie na Zahor tu: treni ya samli ilikwishaacha kuja, mwaka wa pili sasa.

Mzee Mwinshehe, baba wa bibi harusi, akajitokeza mlangoni. Mzee huyu aliwatumikia maofisa mezani kule Burma wakati wa vita, na tangu arudi hajaacha kusema kama anapanga gwaride. Nishani zake mbili alikuwa kazibana kwenye kanzu.

"Kimya!" alisema.  "Lori la watu wa bwana harusi limetoka Chamazi. Litafika baada ya Adhuhuri. Kabla halijafika nataka jibu moja. Chausiku, leta mwiko."

"Mzee wangu, mie..."

"Leta mwiko."

Akautoa. Mzee akaukwapua na kuuchomeka kwapani.

"Kama ni nguruwe, pilau linafukiwa, na mwiko huu nauvunja kwa goti langu. Hutapika tena hapa, wala kwa mtu yeyote ninayemjua, na mie nawajua wote. Kama si nguruwe, Hamisa ataomba radhi mbele ya wageni."

"Na wageni watakula nini tukifukia?" aliuliza mtu.

"Sambusa zangu zipo," Hamisa alijibu, haraka kidogo kuliko inavyostahili. "Mia tatu. Za nyama tupu."

Hapo ndipo Chausiku alipoelewa mchezo. Mwaka mzima Hamisa amekuwa akimnyemelea kwa sambusa zake. Zilianza na maulidi, zikaingia kwenye hitima, leo ziko harusini. Nyama yake laini, ina chumvi ya ajabu, hakuna aliyejua ananunua bucha gani. Na jambo lililomkera zaidi Chausiku ni hili: asubuhi ile ile alikuwa ameiba sambusa moja, akajificha nyuma ya ua ili aitafute kasoro. Hakuiona. Akaongeza ya pili kuhakikisha. Ya tatu alikula tu.

"Twendeni kwa Zahor!" alisema. "Twendeni tukalione hilo kopo!"

Ua likamwagika barabarani. Kina mama arobaini, kanga zimefungwa viunoni. Waliotoka majumbani wakauliza kuna nini, na kila mmoja akajibiwa lake. Bibi mmoja alidhani ni msiba, akaanza kulia. Wa pili alidhani bwana harusi kafika, akapiga vigelegele. Wakafika dukani wanalia na kushangilia kwa pamoja.

Bwana Zahor alipoona umati ule, akashusha ubao wa duka nusu, kichwa kikabaki nje.

"Yaa jamaa! Nani kafa?"

"Bado," alisema Hamisa. "Tunataka kuona kopo la mafuta."

Hapa inabidi ujue Zahor anauzaje mafuta. Kopo lake ni kubwa, la kimo cha goti, linakuja na meli. Joto la Buguruni likiligusa tu, mafuta yanakuwa uji. Basi Zahor huliweka kona ya giza, kalivisha gunia lililoloweshwa maji, kuanzia shingoni hadi miguuni kama bibi harusi. Mdomo tu ndio uko nje. Anachota, anakutilia kwenye bakuli lako, unakwenda zako. Karatasi ya kopo huozea humo humo ndani ya gunia. Miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuona kopo lile limechorwa nini.

"Kopo la nini?" Zahor aliuliza, jasho linamtoka.

"Lenye mafuta aliyonunua Chausiku jana."

Zahor akamtazama Chausiku. Macho yalisema: *dada, uliniapisha nisiseme.* Akainama karibu yake, akanong'ona, "Nilivue?"

Fikiria mwenyewe ungefanya nini. Lisipovuliwa, Chausiku ni mpishi wa nguruwe. Likivuliwa, ni mpishi muongo. Na jambo baya kuliko yote, hata yeye mwenyewe hakuwahi kuona kuna picha gani chini ya lile gunia. Alikuwa akichotewa tu, akipika, akisifiwa.

"Bwana Zahor," alisema Chausiku, "vua."

Minong'ono ikapita. Kwa hiyo ni kweli alinunua! Hamisa akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Zahor akalivuta kopo mbele, akafungua kamba, akapandisha gunia taratibu kutoka chini. Maji yakachuruzika. Karatasi ilikuwa imelowa, nusu yake imekwishakuwa ugali. Kitu cha kwanza kuonekana, chini kabisa, kilikuwa cheusi, chembamba, kimepinda.

"Mkia!" Hamisa alipiga kelele.

"Mkia!" wakapokea arobaini.

Chausiku akainama atazame mwenyewe.

"Subirini, subirini," alisema Zahor. Akaendelea kupandisha. Mkia ukapanda juu. Ukazidi kupanda. Ukapanda mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Mkia gani mrefu namna hiyo?" aliuliza yule bibi wa msiba.

Gunia likatoka lote. Juu ya ule mkia yakatokea makuti. Na chini ya makuti, nazi tano.

Mnazi.

"Ni mnazi!" alisema Zahor, kana kwamba na yeye ndiyo kwanza ajue. "Wallahi, ni mafuta ya nazi. Mbata hizi hizi za kwetu! Zinapakiwa melini, zinakamuliwa Ulaya, zinagandishwa, zinarudi."

"Yaani nazi zetu," alisema mama mmoja polepole, "zimekwenda Ulaya, zimerudi zimevaa bati, na sie hatukuzitambua?"

Hamisa hakuwa mtu wa kushindwa na mti. "Picha ni rangi tu!" alisema. "Nani kaingia ndani ya kopo? Mzungu anaweza kuchora mnazi akatia nguruwe!"

Chausiku akageuka. Mara ya kwanza tangu asubuhi, alicheka.

"Enhe, sema tena. Picha ni rangi tu?"

"Rangi tu!"

"Basi na nguruwe wa koroboi yako ni rangi tu. Mbona umepandia kinu?"

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika hadi stesheni. Zahor alipiga kofi ubao. 

Lakini furaha ya Chausiku haikukaa. Mama mmoja aliibandua ile karatasi, akaiinua juu kama bendera. "Kwa hiyo ng'ombe wa Singida huyu hapa! Mbona ana makuti?"

"Analia vipi? Moo, au anaanguka pu?"

"Samli yenye makuti!"

Wimbo ukazaliwa hapo hapo. Wakageuka wote na karatasi yao mbele, kwenda kumpa Mzee Mwinshehe habari, wakiimba *samli yenye makuti, inapanda treni kwa kamba*. Pilau limeokoka. Mwiko je? Mzee alikuwa ameahidiwa samli ya ng'ombe, na Mzee Mwinshehe huchukia kudanganywa kuliko anavyochukia nguruwe.

Chausiku akaketi juu ya gunia la mchele. Hamisa akapita mbele yake, shingo juu.

"Shoga, mbona umekaa? Treni ya Singida itakupita."

Chausiku akamkwapulia koroboi.

"Hebu! Nipe koroboi yangu!"

"Kama nguruwe huyu hakutoka kwa Zahor," alisema Chausiku, "katoka wapi?"

Akavuka barabara. Hamisa nyuma yake, anavuta kanga.

Fundi Marijani alikuwa kakaa kwenye kibanda chake cha bati, nyundo mkononi, makopo yamemzunguka kama kuku.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti zangu. Mnapigana au mnacheza?"

"Koroboi hii umetengeneza wewe?"

Mzee akaigeuza mwangani. "Mie. Na huyu mnyama namkumbuka. Picha mbaya kama hizi huzitia ndani. Huyu nilimkata vibaya, pua ikatokeza nje, nikamfunika kwa mkono wa koroboi. Kumbe lehemu haikushika."

"Kopo lilitoka kwa Zahor?"

"Aka! Makopo ya Zahor hunijia uchi, karatasi imekwishaoza. Hili limechapwa kwenye bati lenyewe. Haya huniletea Polikarpo, yule mpishi wa Mzungu kule Uzunguni. Kila Jumapili akitoka kanisani."

Kengele ya baiskeli ikalia.

"Huyo," alisema fundi.

Polikarpo alikuwa kijana wa Morogoro, kaptula nyeupe imenyooshwa hadi unaweza kukatia mkate, rozari shingoni. Bwana wake alikuwa kiziwi wa sikio moja, na Polikarpo alikwishazoea kusema kama mnadi sokoni.

"SHIKAMOO MZEE MARIJANI!" Akashusha makopo matatu matupu. Kisha akaona aliyesimama pembeni, uso ukachanua. "AA! MAMA SAMBUSA! ULE MZIGO WA JANA ULITOSHA?"

Hamisa akaanza kukohoa. Akakonyeza. Akakohoa na kukonyeza pamoja.

"NIMEKULETEA ULIOBAKI," Polikarpo aliendelea, akitoa kwenye kikapu kifurushi cha jani la mgomba. "POLE, UNA KIFUA?"

Chausiku akatazama makopo. Akatazama kifurushi. Akamtazama Hamisa.

"Polikarpo, mwanangu," alisema, sauti imelainika kama maandazi. "Makopo unamletea fundi. Na vilivyokuwamo ndani ya makopo?"

"SI NAMLETEA MAMA HUYU! Mama yake bwana anaituma kwa meli, kopo juu ya kopo. Bwana mwenyewe haitaki, anasema inamkumbusha shule. Ananiambia, Polikarpo, iondoe mbele ya macho yangu. Basi naiondoa."

"Unaiondoa. Ni nyama gani, mwanangu?"

"PAJA LA NGURUWE."

Nyundo ya fundi Marijani ikaanguka.

Chausiku akahesabu kwa vidole. Moja, ya kutafuta kasoro. Ya pili, ya kuhakikisha. Na ya tatu, Mola amsamehe, alilamba hadi vidole.

"Uliniambia ni nyama ya Ulaya!" Hamisa alilia. Akakalia fuawe ya fundi, chuma cha kugongea bati.

"NI YA ULAYA."

"Ya ng'ombe!"

"Hukuniuliza mnyama, mama. Uliniuliza chumvi tu. Kama imekolea."

"Ule wekundu wake! Mie nilidhani ni baridi ya kwao!"

Kuku mmoja alipita. Hamisa akainua macho kwa Chausiku, na macho yale hayakuwa ya mtu aliyepanda juu ya kinu.

"Shoga yangu."

"Leo nimekuwa shoga?"

"Dada yangu Chausiku."

"Haya, panda tu. Utafika mama."

"Nisitiri. Sikujua, wallahi sikujua, na wao hawakujua. Ukilisema hili nitahama. Nisitiri, nami nitakusitiri. Nitasimama mbele ya Mzee niseme samli ya Singida nimeionja mwenyewe, ule mnazi ni wa Zahor, si wako. Mwiko wako utarudi. Jina lako litarudi."

Tuseme ukweli, msomaji: Chausiku alilipenda wazo lile. Alilipenda kwa kadiri ya pumzi tatu. Adui yake kakalia chuma, analia, na samli ya Singida inafufuka kutoka wafu.

Pumzi ya nne ilikatwa na honi.

Lori likapita mbele ya kibanda, limejaa watu hadi ubavuni, vumbi, vigelegele, maua ya asumini. Watu wa Chamazi.

"Hamisa," alisema Chausiku. "Zile sambusa mia tatu ziko wapi?"

Hamisa akaweka mkono mdomoni. "Nimekwishazipanga. Mbele ya mkeka wa wageni."

Walikimbia. Aliyewaona siku ile anasimulia mpaka leo: adui wawili wameshikana mikono, mmoja mnene mmoja mwembamba, kanga zinapepea, ndala moja imebaki barabarani. Hakuna aliyekumbuka kifurushi. Kikabaki kwa Polikarpo.

Walipofika, wageni walikuwa wamekwishakaa. Mzee Mwinshehe alikuwa katikati, mwiko bado kwapani, karatasi ya mnazi magotini. Mkononi alishika sambusa, anamkaribisha mjomba wa bwana harusi, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe.

"Bismillahi, karibu. Pilau linafuata, kuna jambo dogo la kusawazisha kwanza. Anza na hizi. Mtaani kwetu ndizo zinazosifika."

Mjomba akaichukua. Akaipeleka mdomoni.

Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Chausiku. Nguruwe. Neno moja tu, na Hamisa hatouza sambusa tena duniani. Neno hilo hilo, na watu wa Chamazi wanarudi kwenye lori. Tunu, bibi harusi, anabaki chumbani na hina yake mbichi, na mtaa mzima unaanza kuhesabu: nilikula ngapi, lini, kwa nani?

Chausiku akalimeza neno lile.

Akakimbia mbele, akapiga yowe, "Salaaleh!" Akajikwaa, ingawa hakuna aliyeona alijikwaa na nini, akaruka. Mwili wote ule. Ukatua katikati ya mkeka, juu ya sinia zote mbili za sambusa. Sambusa zikafanya *prrr*. Iliyokuwa mdomoni mwa mjomba ikapigwa na kiwiko, ikapaa, ikatua kifuani kwa Mzee Mwinshehe, katikati ya nishani mbili. Zilizobaki Chausiku alizibiringishia mchangani, mara ya kwanza na mara ya pili, kama chapati.

Kicheko kikapasuka. Watoto wakacheka, wageni wakacheka, hata bibi harusi alisikika chumbani. Kuku wa Buguruni walikula siku ile kama masultani.

"Chausiku!" Mzee alinguruma. "Una wazimu?"

"Nina aibu, Mzee wangu." Akainuka, bizari usoni. Akamwona Hamisa kasimama mlangoni, yuko tayari kuanza kuapa uongo wake. Chausiku akamtangulia. "Nimekimbia nije niseme mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Mie muongo. Samli si ya Singida, wala haijapata kuona ng'ombe, mwaka wa pili huu. Ni mafuta ya nazi, kopo la Zahor. Mlinisifu, nikanyamaza. Lakini ni nazi, nazi halali, na hilo pilau linapoa. Vunja mwiko, Mzee, lakini wape watu wale."

Mzee akautoa mwiko kwapani. Akaushika ncha mbili. Akainua goti.

"Nazi?" aliuliza mjomba wa bwana harusi.

"Nazi, mzee wangu."

"Pilau la nazi?" Ndevu zikachangamka. "Jamani, sie watu wa Chamazi tunaambiwa kila siku mjini mnapika na samli, tumbo linauma safari nzima. Leteni hilo pilau! Mpishi muongo nitamsamehe mie, kwa niaba ya tumbo langu."

Kicheko tena. Mzee Mwinshehe akashusha goti taratibu. Alitazama mwiko, akatazama wageni, akatazama bibi harusi anayechungulia pazia.

"Hamisa," alisema. "Nilisema utaomba radhi."

"Nisamehe, dada Chausiku," alisema Hamisa, na safari hii neno lilitoka ndani kabisa.

"Chukua," Mzee alimwambia Chausiku, akimpa mwiko. "Pakua."

Masufuria yakafunuliwa. Mvuke ukapanda, bizari, mdalasini, na ile harufu tamu waliyomsifia ng'ombe miaka hii miwili. Chausiku akachomeka mwiko wa mama yake hadi chini, akanyanyua. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza, Hamisa alikuwa anamshikia sahani. Wote wawili wakashusha pumzi kwa pamoja.

Ngri-ngri.

Kengele ya baiskeli.

"MAMA SAMBUSA!" Sauti ilivuka ua, ikavuka mikeka, ikaingia hadi chumba cha bibi harusi. "UMESAHAU NYAMA YAKO YA SAMBUSA!"

Sahani ikamponyoka Hamisa.

"Leta hapa, kijana," alisema Mzee Mwinshehe kwa ukarimu. "Leo kila kitu kinakuja hapa."

"Mzee, hiyo ni..." Chausiku alianza.

Jani la mgomba lilikwishafunguliwa. Mzee akainamisha pua. Akanusa mara moja, kwa kupita tu. Halafu akanusa mara ya pili, macho yamefumbwa.

"Harufu hii naijua," alisema polepole. "Burma. Mezani kwa maofisa, kila asubuhi, pamoja na mayai."



Mzee akafumbua macho. Akakibandua kipande cha sambusa kilichoganda kati ya nishani zake, akakipeleka puani. Akakishusha. Akatazama sinia mbili zilizobondeka, mchanga, kuku waliovimba, akarudisha macho yake kwa mwanamke mnene aliyesimama na mwiko, bizari bado iko usoni.

"Chausiku," aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko zote alizotumia siku ile. "Ulianguka, au ulijiangusha?"